Hadhi ya abiria sasa yapimwa kwa pesa, si kwa safari

MKAZI wa Salaita aliye na shughuli jijini Nairobi huanza safari yake kando ya barabara ya Taveta, akingoja matatu ya kwenda Voi. Mbele yake kuna takriban kilomita mia moja kupitia Maktau, Bura na Mwatate. Ikiwa ni siku ya soko, huenda akaketishwa juu ya ubao uliolazwa kati ya viti viwili, na nauli asipunguziwe hata shilingi. Akifika Voi ndipo huabiri garimoshi la Madaraka Express.

Msafiri huyu aweza kurudia safari hiyo mara ishirini kwa mwaka na asitambuliwe na yeyote. Kwingineko, mwenzake anayeruka kwenda Amsterdam kwa tiketi iliyolipiwa na mwajiri hupewa kadi ya hadhi, foleni yake pekee, na pengine kupandishwa daraja bila kutoa senti.

Utaratibu huo ulienea baada ya shirika la American Airlines kuanzisha mpango wake wa kuwatuza wateja mwaka wa 1981. Hapo awali kilichohesabiwa ni maili. Delta na United zilianza kutoa tuzo kwa kuzingatia pesa zilizotumiwa mwaka wa 2015. Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo Kenya Airways iliitumia kwa miaka mingi, ikafuata 2018. Tangu 2024, hata hadhi yenyewe katika Delta hupatikana kwa hesabu ya dola.

Hapana shaka kwamba hadhi hiyo isingetamaniwa hivyo lau viti vya nyuma vingekuwa na starehe. Nafasi kati ya kiti na kiti, iliyokuwa inchi 34 au 35 miongo kadhaa iliyopita, sasa aghalabu ni 31 au pungufu. Sheria ya Marekani ya 2018 iliiamuru mamlaka ya usafiri wa anga nchini humo, FAA, kuweka kipimo cha chini katika muda wa mwaka mmoja. Kufikia 2022 FAA ilikuwa ingali inakusanya maoni ya umma. Anayebana miguu ya abiria ndiye huyo huyo anayemuuzia nafuu.

Turejee Voi. Katika daraja la kawaida la Madaraka Express, abiria huketi wakitazamana, watatu upande mmoja wa njia na wawili upande wa pili, na migongo ya viti hailazwi. Reli hiyo ilipozinduliwa 2017, nauli ya Nairobi hadi Mombasa ilikuwa Sh700 katika daraja hilo na Sh3,000 katika daraja la kwanza. Kuanzia Januari 2024 zikawa Sh1,500 na Sh4,500. Yaani aliye kwenye kiti kigumu ameongezewa zaidi ya nauli nzima ya uzinduzi, naye wa daraja la kwanza nusu tu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kuwa garimoshi la zamani la usiku, lililokomeshwa mwaka huo huo wa 2017, lilikuwa na daraja la pili lenye vitanda. Halikuwa la kifahari, na ucheleweshaji wake ulikuwa hadithi, lakini mwalimu au karani aliweza kulilipia na akalala hadi Voi.

Kuhusu ule ubao wa matatu, kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliagiza kila abiria awe na kiti na mkanda wake. Hapo kinachohitajika ni polisi tu. Na kwa upande wa Shirika la Reli, tiketi hukatwa kwa nambari ya kitambulisho; kumjua aliyepanda Voi mara ishirini, na kumpunguzia nauli ya ishirini na moja, hakuhitaji mtambo mpya.