Mlima Huo ni wa Nani?

Msomaji wangu mpendwa, kama umewahi kufika Ishiara mwezi wa Februari, saa za adhuhuri, huhitaji kuelezwa maana ya jua. Mbuzi husongamana chini ya kivuli cha mgunga, na mama anayeuza ndengu hujipepea kwa kipande cha katoni. Hapo ndipo alipozaliwa na kulelewa mpwa wangu, kijana ambaye mwaka juzi alipata nafasi ya kwenda kusoma Japani.

Sasa, mtoto wa Ishiara na theluji, wapi na wapi? Lakini wahenga walisema tembea uone. Katikati ya Januari, wenzake wa chuoni walimchukua hadi Nozawa Onsen, kijiji cha watu wasiofika 4,000 katika mkoa wa Nagano. Ukitoka Tokyo unapanda treni ya kasi hadi mji wa Iiyama, kisha basi kwa muda wa nusu saa hivi. Huko ndiko Wajapani huenda kuteleza thelujini, miguu ikiwa imefungwa kwenye mbao ndefu zinazoitwa skii.

Mchezo huu uliingia Japani mwaka 1911, ulipofundishwa na ofisa mmoja wa jeshi la Austria, Theodor von Lerch. Nozawa walianzisha chama chao cha skii mwaka 1923. Hata hivyo, usidhani utakuta mji wa maghorofa. Vichochoro ni vyembamba, mvuke wa maji moto unafuka kando ya njia, na wageni wengi hulala katika nyumba za wenyeji. Viatu vinabaki mlangoni, kama unavyofanya ukiingia kwa watu wenye mkeka.

Siku ya kwanza mpwa wangu alianguka mpaka akaacha kuhesabu. Watoto wa chekechea walimpita mbio wakicheka. Alitaka kurudisha zile mbao na kwenda kunywa chai, ndipo akamkumbuka Mkenya mwenzake.

Huenda nawe unamkumbuka. Philip Boit, mwanariadha wa Bonde la Ufa, alikwenda mkoa huo huo wa Nagano Februari 1998 kwa Olimpiki ya majira ya baridi. Alishindana mbio za skii za kilomita 10 huko Hakuba. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Lakini bingwa huyo hakuondoka. Alimngoja Boit pale mwisho wa mbio, akampokea kwa kumkumbatia. Boit naye akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie. Basi mpwa wangu akajiambia kwamba aibu si kuwa wa mwisho, akainuka, akajipangusa, akaanguka tena.

Jioni, mwili ukiwa umepondeka, alipelekwa kuoga. Kijiji kina mabafu 13 ya umma yenye maji ya chemchemi za moto. Hakuna tikiti, kuna kisanduku tu cha kutia sadaka. Kijana wetu akaingia na kaptura yake, akataka kujitosa moja kwa moja. Mzee mmoja akamgusa bega kwa upole, akamwonyesha kigoda na ndoo. Huko, msomaji, mtu huvua kila kitu, hujisugua akatakata kabisa nje ya birika, ndipo aingie majini. Yale maji si ya kuondolea uchafu, ni ya kupumzikia, na mwenzako ataingia baada yako.

Ipo pia chemchemi moja iitwayo Ogama, ambayo maji yake yanakaribia kuchemka. Akina mama wa kijiji huchemshia humo mayai na mboga zao za majani. Mgeni hutazama tu. Kupikia humo ni haki ya wenyeji.

Usiku wa Januari 15 aliona jambo lililomkumbusha hadithi za marika ya kwetu. Wanaume wa miaka 25 na wa miaka 42, umri ambao huko huhesabiwa kuwa wa mikosi, hulinda jengo kubwa la mbao. Wa miaka 42 hukaa juu, wa miaka 25 husimama chini, na wanakijiji huwajia na mienge kulichoma. Mapambano huwa makali, na mwishowe jengo huteketea, watu wakiomba mwaka wa heri.

Kesho yake alimpigia simu nyanya yake, yaani mama yangu, huko Ishiara. Akamwonyesha theluji kwenye kioo cha simu. Mama alitazama, akauliza swali moja tu.

"Na mlima huo ni wa nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Akaenda kumwuliza mwenye nyumba, naye akamjibu pasipo kusita: ni wetu, wa kijiji. Mabafu yale huangaliwa na familia za mtaa. Husafisha kwa zamu, na zamu ya nyumba yake ilikuwa juma hilo.

Mpwa wangu alipomrudishia nyanya habari hiyo, kikongwe alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ni vyema. Lakini wewe umezaliwa ukiitazama Kirinyaga. Theluji yake umeigusa lini?"

Msomaji, swali hilo halikumchoma mpwa wangu peke yake. Mimi mjomba mtu nina mvi, na asubuhi nyingi zisizo na mawingu nimesimama Ishiara nikaona vilele vya Mlima Kenya viking'aa. Sijawahi kupanda. Wewe je? Na watoto wako?

Hatuna muda mrefu. Barafu ya Lewis, iliyo karibu na kilele cha Lenana, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro huenda ikatoweka ifikapo 2050. Maji ya Thuci, tunayonyweshea mashamba huku chini, hutegemea mvua na misitu ya mlima kuliko barafu, kwa hiyo mto hautakauka kwa ajili hiyo peke yake. Lakini mtoto anayezaliwa Ishiara leo anaweza kuwa mtu mzima na asione ule weupe wa barafu ambao nyanya yake alikua akiutazama.

Simwambii mtu asiende Japani. Akipata nafasi aende, avue viatu, aoge kabla ya kuingia birikani, na aanguke bila haya. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Chogoria, mlango mmojawapo wa mlima wetu, si mbali na Ishiara. Mwenye watoto wadogo awapeleke hata msituni tu karibu na lango la mbuga. Mwenye nguvu za kwenda Lenana, mita 4,985, achukue kiongozi anayeujua mlima, avae nguo nzito, na apande polepole kwa siku kadhaa, kwani hewa ya juu ni nyembamba na kichwa cha mwenye haraka huadhibiwa.

Mpwa wangu anarudi likizo Agosti, na tumekubaliana kupanda pamoja. Mama ameagiza tumletee kipande cha barafu. Nimemweleza kwamba kitayeyuka kabla hatujafika Chuka. Amesema tumletee hayo maji.

Hadi Jumapili ijayo, kaa salama.