Nani Mwenye Swali?

Tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifunga milango yake rasmi baada ya kazi ya zaidi ya miaka 60. Na miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Februari, Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa ameliarifu bunge lake kwamba fungu la misaada ya nje, lililokuwa asilimia 0.5 ya pato la taifa, litateremshwa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Habari hizi zilipokewa kwetu kwa hofu ya kukosa dawa na chakula, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini pamoja na dawa na chakula ilikatika kamba nyingine isiyoliliwa sana, nayo ni kamba ya maarifa, kwa kuwa taasisi za vyuo vikuu zinazosoma maendeleo ya mataifa, za ng'ambo na za kwetu, aghalabu huishi kwa mafungu hayo hayo.

Mfano mmoja watosha kuwa shahidi. Tangu mwaka 1989 nchini Kenya, na tangu 1991 nchini Tanzania, vifo vya watoto wachanga, afya ya waliosalimika na hali ya mama waliowazaa vimekuwa vikipimwa, kila baada ya miaka kadhaa, kwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa na watu wetu wenyewe, ilhali sehemu kubwa ya gharama na ujuzi wake ilitoka Marekani. Mpango wa Marekani uliougharimia uchunguzi huo ulipokatizwa Februari 2025, ilidhihirika kwamba hata hesabu ya makaburi ya watoto wetu tulikuwa tumeiweka rehani katika hazina ya mwingine.

Wapo wanaosema heri mfuko huo wa misaada ufungwe, maana elimu ya kukirimiwa ni utumwa. Na wapo wanaosema bila mfuko huo tutakuwa vipofu. Kabla ya kuhukumu ni insafu tutazame tendo moja la taasisi hizo za maendeleo ambalo lilitugusa.

Mwaka 1966 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Sussex, kwa fedha za serikali ya Uingereza, Taasisi ya Masomo ya Maendeleo. Miaka sita baadaye Shirika la Kazi Duniani lilituma Kenya ujumbe mkubwa wa kuchunguza ukosefu wa kazi, ukiongozwa na mabwana wawili wa taasisi hiyo: Hans Singer, aliyepata kuwa mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, na Richard Jolly, ambaye katika ujana wake aliwahi kufanya kazi ya maendeleo ya jamii huko Baringo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishiriki pia. Wakati ule wafua bati, washona viatu na wauza vyakula wa pembezoni mwa jiji walihesabiwa kuwa ni takataka za mji, na vibanda vyao vilibomolewa. Ripoti ya mwaka 1972 ilishuhudia kinyume chake: kwamba watu hawa wanazalisha mali na kujipatia riziki, na kwamba dhuluma ya kubomolewa inafaa ikome. Msemo wa sekta isiyo rasmi ulienea ulimwenguni kwa ripoti ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika jambo hili hatuna budi kukiri kwamba mgeni alikuja na tiba.

Lakini tuyapime majina mawili. Wageni walimwita mfua bati kwa kile alichokosa, yaani urasmi. Umma wa Kenya ukaja kumwita kwa kile anachokistahimili, yaani jua kali. Jina la kwanza limemtazama kutoka dirishani mwa ofisi, la pili limesimama naye kiwanjani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wala fundi wa Kamukunji, jijini Nairobi, hakuhitaji ripoti imwambie kwamba anafanya kazi. Aliyehitaji kuambiwa ni serikali yake, ambayo ilisikia sauti iliyopitia Geneva, makao ya Shirika la Kazi, kabla ya kuzisikia nyundo zilizokuwa zikilia karibu na mlango wake.

Mwaka ule ule wa 1972 mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Walter Rodney wa Guyana, alitoa kitabu ambacho hakikuuliza jinsi maskini anavyoishi, bali nani alimfukarisha. Tukubaliane naye au tusikubaliane, ni vigumu kuwazia wizara ya Ulaya ikilipia swali la namna ile. Mfadhili si lazima asemeshe uongo. Hutosha kwake kuchagua lipi liulizwe, na lisiloulizwa hufa bila kuuawa na mtu.

Je, basi, serikali zetu ndizo zilipe? Hapa pia kuna mwiba. Mwaka 2018 Tanzania iliirekebisha Sheria ya Takwimu kwa namna iliyomtia hatarini mtu anayetangaza hesabu zinazopingana na zile za serikali, na mwaka uliofuata, baada ya malalamiko ya ndani na nje, ikailegeza. Mwenye nyumba naye huchukia kuambiwa kwamba paa lake linavuja. Kumhamisha mtafiti kutoka mkono wa mfadhili hadi mkono wa mtawala ni kumbadilishia bwana tu.

Rai yangu ni kwamba dawa tunayo katika mila ya pwani yetu, nayo ni wakfu. Aliyewakifu kisima au shamba huweka masharti yake mara moja, kisha mali humtoka. Hawezi kurudi kesho akakifunga kisima kwa kuwa amechukizwa na mnywaji. Mwaka 1980 viongozi wa Afrika waliahidi huko Lagos kutenga asilimia 1 ya pato la mataifa yao kwa ajili ya sayansi, ahadi ambayo nchi nyingi hazijaitimiza hata leo. Sehemu ya ahadi hiyo na iwekwe iwe rasilimali isiyoguswa, faida yake ilishe taasisi za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, isimamiwe na wadhamini ambao waziri hawezi kuwafukuza kwa hasira, na ikaguliwe hadharani, maana wakfu nao umepata kuliwa na wasimamizi wasio waaminifu.

Na wadhamini hao wakishakaa kitako, wamwite kwanza yule fundi wa Kamukunji. Kwa miaka zaidi ya 50 amekuwa akijibu maulizo ya wageni na wenyeji, nyundo mkononi, kazi ikimngoja. Ni zamu yake kuuliza.