Mzamiaji Afundishwe kwa Kiswahili

Vijana wa Garsen na vijiji vya Delta ya Tana wanaotamani kazi ya kuwazamisha watalii baharini hawana budi kusafiri hadi Malindi au Watamu. Sababu ni mto wao wenyewe. Tana humwaga matope na maji matamu katika Ghuba ya Ungwana, ilhali matumbawe hupenda maji maangavu ya chumvi. Kipini, mto unakoishia, kuna mikoko na kamba. Miamba ya matumbawe inayowafaa wanagenzi imo katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968.

Wafikapo huko, aghalabu huishia kubeba mitungi ya hewa na kusukuma mashua. Ualimu wa kuzamia huwaponyoka, kwa hoja kwamba hawana ujuzi. Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo ni lugha, na lugha inayotumika kuutoa ni Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani.

Jambo hili si la fahari tu. Ni la uhai. Kanuni ya kwanza ya mwenye mtungi ni kwamba asizuie pumzi kamwe. Katika kina cha mita 10, mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyovutwa huko hutanuka mara mbili mtu anapopanda, na akiwa amebana pumzi mapafu yake yaweza kupasuka. Sasa mfikirie kijana aliyelelewa mtoni, au mvuvi anayezamia kambakoche bila chombo chochote: tangu utotoni amezoea kinyume kabisa, yaani kubana pumzi. Yeye ndiye anayehitaji onyo hilo kuliko mtalii, naye ndiye analolipata kwa lugha anayoielewa nusunusu.

Hata ishara za mikono zina sarufi yake. Gumba lililoinuliwa, ambalo nchi kavu humaanisha mambo ni shwari, chini ya maji humaanisha tupande juu. Ushwari huonyeshwa kwa kukutanisha gumba na kidole cha shahada. Kosa la tafsiri hapo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hili limenichosha. Lugha yenye matumbawe, mkondo, bamvua, maji mafu, kusi na kaskazi itashindwaje kumweleza mtu bahari? Pengine kitakachohitaji maelezo ni neno kuzamia lenyewe, kwani kwa vijana wengi humaanisha kujificha melini na kwenda ng'ambo bila nauli! Tena Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa kundi moja, lile tuliitalo Kisabaki. Na Muorma naye hukitumia Kiswahili sokoni Garsen.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo ndilo msimamizi wa hifadhi hizo, liwatake wenye vyombo vya kuzamia watoe mafunzo ya usalama kwa Kiswahili kwa kila anayeyahitaji. Serikali ya Kaunti ya Tana River nayo ifadhili somo hilo katika vyuo vyake vya ufundi, na mtihani utungwe kwa lugha hiyo hiyo.