Pesa Haijapotea, Jibu Ndilo Limechelewa

Kama umewahi kufika stendi ya Isiolo asubuhi na mapema, unawajua akina mama wa maziwa ya ngamia. Mitungi inapakiwa kwenye basi, maziwa yanaenda Eastleigh, na hayangoji mtu. Siku moja nilisimama kando ya mmoja wao akilipa pesa ya mzigo kwa simu. Akabonyeza tuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Makanga akasema, "Mama, sijaona message." Dereva akapiga honi. Mama akatuma tena. Basi lilipoondoka tu, jumbe mbili zikaingia kwa mpigo. Amelipa mara mbili, na makanga huyo yuko njiani kwenda Nairobi.

Hapo sote tukasema lile neno letu: "Mtandao uko chini." Tuseme ukweli, haukuwa chini. Pesa ilienda mara ya kwanza. Kilichochelewa ni jibu. Na kuchelewa kwa jibu ni kitu kinachopimika, kama vile unavyopima maziwa kwa lita. Maoni yangu ni kwamba sisi kampuni za pesa kwa simu tunapaswa kukipima hapa Isiolo na kuwaonyesha wateja matokeo.

Kupima si uchawi. Ruta, kile kisanduku kinachoelekeza data, hutuma ujumbe mdogo kwa mtambo ulio mbali na kuhesabu muda mpaka jibu lirudi. Kipimo hicho kinaitwa ping, na programu yake iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Siku hizi kuna programu ya bure inayoitwa SmokePing. Usipobadilisha mipangilio yake, inatuma ping 20 kila dakika 5, usiku na mchana, kisha inachora grafu. Mstari ukiwa safi, mtandao umetulia. Ukiona kama moshi umetanda kwenye mstari, majibu yanakuja kwa kubahatisha.

Kuna watakaosema Isiolo ni mbali. Hapana. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 270 kwa barabara. Ndani ya waya wa fiba, mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 3, yaani sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Hata M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mitambo yake ilikuwa nje ya Kenya, na ilihamishiwa Kenya mwaka 2015 tu. Kwa hivyo ukingoja sekunde 30, usilaumu umbali. Kuna foleni mahali: mnara umezidiwa, ruta imejaa, au mtambo wa malipo wenyewe umelemewa. Ukipima hatua kwa hatua, unajua ni wapi.

Lakini tusidanganyane na wastani. Tuseme ping 18 zimerudi kwa milisekunde 30, na 2 zikachukua milisekunde 3,000. Ukipanga majibu yote kwa mstari, la katikati ni milisekunde 30, na ripoti itasema mambo ni sawa kabisa. Wastani nao ni 327, bado chini ya nusu sekunde. Ila yule mama wa maziwa yuko kwenye zile 2. Ripoti ya haki ionyeshe pia majibu mabaya zaidi na yaliyopotea kabisa, na ionyeshe Isiolo, Merti na Garbatulla kila moja peke yake, si kuzifunika na Nairobi.

Na huu mzigo hatuwezi kumtupia mteja. Kama unatumia app kwa Wi-Fi ya duka lako, fundi anaweza kupima ruta yako. Lakini menyu ya simu ya kabambe haipiti kwa ruta yako hata kidogo. Inapita kwa mnara moja kwa moja. Hapo wenye uwezo wa kupima ni kampuni ya simu na sisi wa malipo. Ni kazi yetu.

Tukisubiri hayo, jilinde hivi. Kiduara kikizunguka, usitume tena. Angalia salio kwanza, kisha miamala yako ya mwisho. Kama pesa imetoka, mwonyeshe unayemlipa namba ya muamala. Kama salio halijaguswa, subiri dakika chache na uangalie tena kabla ya kurudia. Ukiwa umeshatuma mara mbili, piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na namba zote mbili za muamala, kabla pesa haijatolewa. Na usimpe mtu PIN yako, hata akisema anakusaidia kuirudisha.

Subira huvuta heri, ndiyo, lakini subira ya mteja isiwe dawa ya mtandao mbovu. Yule mama anajua kila asubuhi ana lita ngapi. Sisi pia tujue, kila asubuhi, jibu lake linachukua sekunde ngapi.