Babu Alipofufuka: Wanaokisoma Wasizuiwe



Katika vitabu vinavyopita mkono kwa mkono miongoni mwetu hapa Kwaluguru, kimoja kimeleta maneno. Ni riwaya ya Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1947, nayo ilitoka mwaka 2001. Baadhi ya wazee wetu wameliona jina lake jaladani wakauliza: mwanafunzi wa madrasa anatafuta nini katika kitabu cha maiti aliyefufuka? Swali ni la haki, na tunalijibu kwa adabu.

Kisa chenyewe ni cha bwana mkubwa ambaye mwandishi hakumpa jina ila herufi moja tu, K. Anaishi kwa raha na amewasahau watu wake. Babu yake aliyekwisha kufa anamjia, anamchukua na kumtembeza, na zama zinachanganyika: ya jana yanaingia katika ya leo, na mtu aliyezoea kuamrisha anakuwa mjukuu anayeongozwa. Hapo ndipo penye utamu. Mahali tulicheka, mahali tukaingiwa na hofu, maana babu huyo hana habari na cheo cha mtu. Kiswahili chake ni cha visiwani, na sisi Wazigua maneno mengine ilibidi tuulizane. Hiyo nayo ni faida.

Sasa tuje kwenye hoja. Kila Muislamu anajua kwamba wafu watafufuliwa Siku ya Kiyama, wala mzimu wa babu hauji usiku kutoa amri. Atakayesoma riwaya akaamini hayo, amepungukiwa na mafunzo ya itikadi, na dawa yake ni mwalimu, si kuficha kitabu. Hadithi za sungura na fisi tumesimuliwa na bibi zetu tangu utotoni, na hatujamsikia mtu aliyekwenda porini kuzungumza na fisi!

Tena habari ya mtu kutoka zama zake akajikuta katika zama za wengine si ngeni kwetu. Katika Suratul Kahf tunasoma juu ya vijana waliolala pangoni miaka 300 na 9 zaidi. Walipoamka walidhani ni siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mwenzao mjini na fedha yao akanunue chakula. Katika Suratul Baqara, aya ya 259, yumo aliyefishwa miaka 100 kisha akahuishwa, na chakula chake hakijaharibika. Hatulinganishi, Allah atuepushe. Hayo ni ya kweli, na riwaya ni kazi ya kalamu ya mwanadamu. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuizingatia fedha ile ya vijana wa pangoni hatapotezwa na kisa cha K.

Na sisi watu wa Handeni na Korogwe tuna sababu nyingine ya kukipenda. Wako ndugu zetu Wazigua ambao wazee wao waliondoka huku karne ya 19, kwa njaa na biashara ya utumwa, wakaishi kandokando ya mto Juba, Somalia. Vita vilivyozuka huko vikawarudisha, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, hapa hapa Handeni. Walirudi wakisema Kizigua! Hebu fikiri, mtu anaifahamu Uzigua kwa masimulizi tu ya bibi yake, kisha anaingia Korogwe anakuta reli, ambayo ilifika hapo mwaka 1902, wakati wazee wake wamekwisha ondoka zamani. Aliyeisoma riwaya hii ana mengi ya kumwuliza mtu huyo.

Si kitabu cha wadogo wanaoanza Juzuu Amma, hilo tunalikubali. Kinamfaa aliyefika sekondari, tena asome taratibu, kwani kurasa nyingine zinataka kurudiwa mara mbili. Nakala ni chache. Mzazi mwenye nayo, tafadhali akimaliza asiifungie kabatini.