«Boti ilijaza» si jibu

Wandugu, mwendo wote tunaujua kwa kichwa. Boti inazama. Wakubwa wanafika ku bandari na walinzi wao, wanasema pole, wanasema ilipakia kupita kipimo, wanaomba kapitene atafutwe. Kiisha maombolezo. Kiisha amri ya kuvaa jile. Kiisha kimya, mupaka boti ingine.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova, ikageuka ikiwa karibu kufika Kituku, hapa Goma, watu wa bandari wakiona kwa macho yao. Gavana wa Sud-Kivu alisema ilibeba watu 278 na wafu ni 78. Hesabu zilizofuata zilikuwa zingine. Maiti zote hazijatoka bado ndani ya maji, jibu lilikuwa limeisha kutoka: ilijaza.

Sawa, ilijaza. Nani alibisha? Lakini kwa injeniere anayejua kazi yake, hapo ndipo uchunguzi unaanza. Kule Japani, kwa viwanda vya Toyota, walijizoeza kuuliza «juu ya nini?» mara tano, moja nyuma ya ingine, sababu jibu la kwanza karibu kila mara linamwangukia mutu wa chini. Tujaribu basi.

Juu ya nini ilijaza? Sababu watu na magunia yalikuwa mengi kuliko maboti. Juu ya nini yalikuwa mengi? Sababu tangu Februari 2024 vita ilikata barabara ya Sake–Minova, na maharagwe, ndizi, wagonjwa, wanafunzi, vyote vikahamia ziwa. Miezi nane kila mama wa soko alijua mzigo wa barabara umekuwa mzigo wa maji. Juu ya nini basi, kiisha miezi nane, boti iliweza kuondoka namna ile? Nani alikuwa na kazi ya kuhesabu abiria pale Minova, na nani alikuwa na nguvu ya kusema «hii haitoki»? Muone: swali la tatu tu, tumeisha kumwacha kapitene nyuma. Tumefika ku ofisi. Ndiyo maana hawapendi swali la tatu.

Tena hiyo «kujaza» iko na namna nyingi. Magunia chini, watu wameketi, ni kitu kimoja. Watu wamesimama juu ya magunia ni kitu kingine: uzito umepanda, boti inayumba kama mutu aliyebeba mtoto mabegani. Ikikaribia gati, wote wanasimama, wanajaa upande mmoja, kila mutu anataka kushuka wa kwanza. Maji yaliyo chini ya boti nayo yanakimbilia upande ule ule. Kule Tanzania, Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mdogo kufika kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa, na ruhusa yake ilikuwa ya kubeba 101. Kama Kituku ilikuwa vile, dawa yake ni mizigo kutenganishwa na watu, na watu kushuka kwa zamu. Nani ameisha kutuambia?

Jile nazo. Mwaka 2019, kiisha boti kuzama upande wa Kalehe, raisi alitoa amri zivaliwe. Tunazitaka, hatukatae. Lakini jile inaanza kazi wakati boti imeisha kuzama.

Mutasema hiyo maneno ni ya inchi tajiri. Basi muangalie tajiri mwenyewe. Machi 1987, meli ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka Zeebrugge, Ubeljiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Ikapinduka kwa dakika kidogo sana, watu 193 wakafa. Mufanyakazi wa kufunga milango alikuwa amelala. Kwetu hapa kesi ingeisha: kamateni mwenye usingizi! Ankete ilikataa kuishia kwake. Iliuliza juu ya nini kapitene hakujua kama milango iko wazi. Sababu hakukuwa taa ya kumuonyesha. Juu ya nini hakukuwa taa? Makapitene waliisha kuiomba, ofisi ikakataa. Taa! Raporti ikaandika wazi kama uzembe ulijaa kampuni nzima, tangu juu mupaka chini, na sheria za meli zikabadilika.

Wengine wanatuambia: tuko vitani, muache habari ya mainjeniere. Vita ilikata barabara, ni kweli. Haikupakia boti.

(Tunajua pia ule mchoro wa mfupa wa samaki, wa Mujapani Ishikawa, wa kupanga sababu zote za ajali. Kwa Goma unaishi kwenye atelieri: unabandikwa ukutani, watu wanapigwa picha, soda zinagawanywa. Ku bandari haujafika.)

Kwa hiyo tunadai, na tunadai kwa kila boti: raporti yenye kufika ku «juu ya nini» ya tano, yenye kutaja ofisi na amri, isomwe kwa Kiswahili ku bandari mbele ya familia. Na wakati tunangoja hiyo, kuko kitu cha kufanya hii juma. Tangu 1876 sheria ya Uingereza, ambayo mbunge Samuel Plimsoll aliipigania, inalazimisha mustari uchorwe ku ubavu wa meli. Mustari ukiingia ndani ya maji, meli imebeba kupita kipimo. Hata asiyejua kusoma anaona. Mupime kila boti ya Kivu, muuchore huo mustari kwa rangi nyeupe, na muandike pembeni namba ya simu ya mwenye cheo aliyeusaini. Kopo ya rangi tutanunua sisi.