Mbuzi wa Mizigo: Faida Yake na Mpaka Wake

Mtu apitaye asubuhi katika njia za milimani, tangu Runyenjes na Chuka mpaka Imenti na Igembe, huona jambo ambalo limezoeleka hata halishangazi tena. Mama anapanda kilima ameinama, mzigo wa kuni au dumu la maji liko mgongoni, na ukanda umembana kwenye paji la uso. Mbele yake wanakwenda mbuzi wanne au watano, wepesi, hawana kitu. Wanaruka jiwe hili na lile, wanachuma majani ya ukingoni, nao hufika juu kabla yake wakamngoja. Mwenye miguu miwili amelemewa, na wenye miguu minne wanatembea bure.

Je, mbuzi hawezi kubeba? Wengi watacheka wakiulizwa swali hili, kwa maana mbuzi katika Meru na Embu ni mnyama wa nyama, wa maziwa, wa mahari na wa kupatanisha waliogombana. Lakini ziko nchi ambako mbuzi amebeba mizigo siku nyingi. Katika milima ya Himalaya, mpakani mwa India, Nepal na Tibet, wafanyabiashara kwa karne nyingi waliwapakia mbuzi na kondoo, wakashusha chumvi ya Tibet na kupandisha nafaka za mabondeni. Kila mnyama alibeba mifuko miwili midogo, mmoja kila upande, na mzigo wote ulikuwa kama kilo 10 hivi. Kwa mnyama mmoja huo ni mzigo mdogo, lakini kundi lilikuwa kubwa, na njia zilikuwa nyembamba zenye maporomoko.

Huko Marekani, katika jimbo la Wyoming, mtaalamu wa wanyama wa pori aitwaye John Mionczynski alianza katika miaka ya 1970 kuwatumia mbuzi kubeba vyombo vyake, alipokuwa akifuatilia kondoo wa mwitu wenye pembe kubwa katika milima ya Rocky. Baadaye aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, na watembezi na wawindaji wa nchi ile wakamwiga. Mbuzi wanaopendwa zaidi huko ni madume waliohasiwa wa jamii kubwa za maziwa, kama vile Alpine, Saanen na Toggenburg.

Jina hilo la mwisho si geni Meru. Kuanzia mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilileta mabeberu wa Toggenburg katika Meru na Tharaka, ili wapandishwe kwa mbuzi wa wenyeji na kuzaa machotara wenye maziwa mengi. Wafugaji wakaunda chama chao, na mbuzi wa Meru wakapata sifa hata wakanunuliwa na watu wa wilaya nyingine. Basi mnyama yule yule abebaye mizigo ya wageni katika milima ya Marekani ana jamaa zake wamefungwa katika vibanda vya Meru, wakila majani ya tembo.

Kila mfugaji wa mbuzi wa maziwa ana shida moja, nayo ni watoto wa kiume. Majike hutunzwa kwa sababu ya maziwa. Beberu mmoja mzuri huwatosha majirani wengi. Madume wanaobaki huuzwa wakiwa wadogo, kwa bei ndogo, au huwekwa zizini wakigombana na kunuka. Hapo ndipo wazo la mbuzi wa mizigo linapoweza kumvuta mtu. Lakini kabla ya kumwacha dume mmoja akue, yafaa mkulima apige hesabu kwa makini, maana wazo zuri lisilopimwa limewatia hasara wengi.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Waliozoea kazi hii husema kwamba mbuzi mzima, mwenye afya na aliyezoezwa, abebe sehemu moja katika tano ya uzito wake, au kwa wingi sehemu moja katika nne. Mbuzi mdogo wa kienyeji mwenye kilo 30 haruhusiwi basi kupita kilo 6 au 7, na kwa mzigo huo haifai hata kumshonea tandiko. Maksai wa kichotara aliyefikia kilo 60 aweza kubeba kilo 12 mpaka 15. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi, wala haligawanyiki pande mbili; kwa hiyo halimfai mbuzi hata kidogo. Lakini madumu mawili ya lita 5, moja kulia na moja kushoto, ni kilo 10, na hayo atayapandisha kilimani bila taabu. Maksai wawili kwa safari moja huleta maji sawa na dumu lile ambalo mama angalilibeba mgongoni.

Hesabu ya pili ni kumlinganisha na punda. Punda wa kilo 150 hubeba mgongoni kama kilo 50, yaani kazi ya maksai wanne. Penye njia pana, kama katika nchi tambarare za Mwea na Mbeere, hakuna sababu ya kumwacha punda na kutafuta mbuzi. Hata hivyo punda ameingia katika taabu. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda nchini Kenya, ngozi zao zikauzwa China kutengenezea dawa, na wezi wakawaibia watu wengi wanyama wao usiku. Serikali ilikataza uchinjaji huo mwaka 2020, lakini aliyeamka akakuta mifupa ya punda wake porini hakurudishiwa mali yake. Tena kuna mabonde ya Meru yenye miinuko mikali na madaraja ya gogo moja, ambako punda husimama akakataa, na mbuzi hupita bila kuangalia chini.

Hesabu ya tatu ni ya wakati. Mbuzi hawezi kupakiwa akiwa mtoto. Mifupa yake hukomaa polepole, naye hafai kubeba mzigo kamili kabla ya kufikia miaka mitatu au minne. Katika mwaka wa kwanza hufundishwa kufuata watu, kuvuka maji na kusimama akifungwa. Katika mwaka wa pili huvishwa mfuko mtupu, kisha mfuko wenye vitu vyepesi. Muda wote huo anakula. Mwenye shamba la ekari moja au mbili, ambaye majani yake hayawatoshi hata majike, atafanya vema kumwuza dume mapema na kununua kwa fedha hizo kitu kingine. Lakini mwenye majani ya kutosha, mwenye kisima mbali na nyumba, na mwenye watoto wanaochelewa shuleni kwa sababu ya kuteka maji, huyo ana sababu ya kujaribu.

Atakayejaribu na afuate mambo haya. Dume achaguliwe mwenye mgongo ulionyooka, kifua kipana na miguu iliyosimama sawa, naye alelewe karibu na watu tangu siku za kwanza, ili awafuate kwa mapenzi na si kwa kamba. Ahasiwe na daktari wa mifugo au msaidizi wake, wala si mapema mno. Wafugaji wengi hungoja miezi kadhaa ili njia ya mkojo ipate kupanuka. Mbuzi maksai huugua mawe katika mkojo, hasa akilishwa mahindi au pumba kwa wingi. Basi chakula chake kiwe majani, apate maji safi kila siku na chumvi ya kulamba. Akionekana anajikaza kukojoa asitoe kitu, daktari aitwe saa ile ile, maana akingojwa mpaka kesho huenda asipone.

Tandiko liwe la mbao nyepesi, lenye vibao viwili vya pande zote mbili za uti wa mgongo, ili mti usiuguse uti wenyewe, na chini yake liwekwe blanketi nene. Mizigo ya pande mbili ipimwe kwa mizani, kwa sababu upande mmoja ukizidi hata kilo moja, tandiko huteleza na kuchubua ngozi. Mbuzi akilala njiani asipigwe. Mbuzi hana kiburi cha punda. Akilala, mzigo umemshinda au jua limemzidi, na mwenye akili hupunguza. Tena vitu vya kupakia vichaguliwe. Maziwa ya kupeleka kituoni, mbolea, mbegu na madumu ya maji, vyote vyafaa. Miraa ya Igembe haifai kabisa, kwa kuwa mbuzi huipenda kama wazee waipendavyo, na wakienda wawili, wa nyuma atakula mzigo wa wa mbele kabla ya kufika sokoni.

Wako vijana wa Chogoria na penginepo watakaotaka kwenda mbele zaidi. Watasema: ikiwa watembezi wa Marekani hupanda milima na mbuzi, kwa nini mbuzi wa Meru wasipande Mlima Kenya na wageni? Swali lina maana, kwa kuwa mlima huo umekuwa mahali pa mizigo tangu zamani. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, nyuma yake walikuwako wapagazi Waafrika zaidi ya mia ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Baadaye, upande wa Nanyuki, farasi na nyumbu walikodishwa kuwabebea wapandaji. Hata leo vijana wengi wa Chogoria hupata karo za wadogo zao kwa kubeba mizigo ya wageni waendao kilele cha Lenana, chenye urefu wa meta 4,985.

Jibu la swali hilo ni hapana, tena kwa sababu tatu. Ya kwanza ni sheria. Mlima ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1949, na sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kuingiza mifugo katika mbuga bila ruhusa. Habari ya uwindaji nayo haina nafasi, maana uwindaji ulikatazwa Kenya mwaka 1977. Sababu ya pili ni riziki. Mzigo wa mgeni ni mshahara wa mpagazi, na mbuzi akiuchukua, nyumba fulani italala njaa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni maradhi. Wale kondoo wa mwitu ambao Mionczynski aliwafuata huko Wyoming wameonekana kuwa dhaifu sana mbele ya homa ya mapafu, ambayo vijidudu vyake huweza kuletwa na kondoo na mbuzi wa kufugwa. Kwa sababu hiyo mbuzi wa mizigo wamekatazwa katika sehemu za misitu ya nchi ile wanakokaa kondoo hao. Mwaka 2017 sotoka ya mbuzi na kondoo ilitoka kwa mifugo ikaingia kwa swala saiga wa Mongolia, na maelfu wakafa. Kenya yaijua sotoka hiyo. Mwaka 2006 na 2007 iliua mbuzi na kondoo wengi kaskazini mwa nchi. Katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare wamo bongo wa milimani, wanyama wekundu wenye mistari myeupe, ambao waliosalia porini katika dunia nzima wanakadiriwa kuwa kama mia moja au pungufu. Kikohozi cha mbuzi mmoja, kikifika mahali pale, chaweza kumaliza kitu ambacho fedha ya nchi yote haiwezi kukinunua.

Maradhi hayo hayo ni hatari kwa boma la mkulima pia. Mbuzi anayekwenda njiani kila siku hukutana na mbuzi wa watu wengine, hunywa mtoni walipokunywa wagonjwa, na jioni hurudi kulala na majike wa maziwa. Kwa hiyo mwenye mbuzi wa mizigo na ahakikishe kwamba kundi lake lote limechanjwa sotoka na homa ya mapafu, na mwenye kukohoa asitoke zizini.

Mambo haya yakifuatwa, mahali pa mbuzi wa mizigo huonekana wazi. Ni njia ya kutoka kisimani mpaka nyumbani, na ya kutoka zizini mpaka kituo cha maziwa, katika vilima ambavyo gurudumu na punda vimeshindwa. Hatamtajirisha mtu, wala hataondoa haja ya mabomba ya maji. Lakini wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye shamba ambaye hajui uzito wa maji yanywewayo nyumbani kwake, na alichukue dumu la mke wake siku moja, alipandishe kilima mpaka mlangoni. Akilitua, atawaangalia mbuzi wake kwa macho mengine.